Mgando

Kila Jumatatu ya tatu naegesha baiskeli
ukutani kwa Jikke Terpstra, nyuma ya tuta la bahari,
kaskazini mwa Uholanzi, ambako mvua hunyesha kwa upande.
"Pangusa miguu," asema,
kabla sijabisha hodi.

Miaka themanini na tisa. Kilo arobaini na tatu,
na hizo ni pamoja na viatu.
Kidole anachonipa ni cha kati, mkono wa kushoto.
Cha pete hakiguswi: hicho ni cha Wiebren,
na Wiebren, hata alipokuwa hai, hakutaka kuona damu.

Namchoma. Tone latoka,
lasita kama mgeni kizingitini,
mashine ndogo yalinywa.
Tunangoja, yeye akitazama mvua, mimi namba.
Mbili na nusu. Damu haikimbii, wala hailali.

Wenyewe husema damu ni nzito kuliko maji.
Yake twaipunguza uzito kwa robo kidonge, kwa nusu,
kwa sababu ya moyo huu ninaousikia kifundoni mwa mkono:
wapiga mara mbili, wasahau, wapiga tano kwa pupa,
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akidhani kimebaki kidato kimoja.
Damu ikituama ndani ya moyo wa namna hiyo
hufanya bonge, dogo kama punje ya haradali,
likapanda kichwani
likazima nusu nzima ya mtu.

Lakini kidonge hakina macho.
Kinachozuia bonge ndicho kinachozuia kidonda kufunga.
Mwezi wa pili aligonga goti kwenye meza,
mguu ukawa wa zambarau mpaka Pasaka.

"Miaka arobaini na mmoja," aniambia, "nimegandisha maziwa.
Beseni la shaba, pana kama kitanda cha maharusi.
Unatia dawa ya tumbo la ndama, unafunika, unanyamaza.
Kisha unachovya kidole, unainua:
yakipasuka mstari mmoja, safi, yameshika.
Yakichuruzika, rudi ukakae.
Leo mwanifuata na sindano nisigande mimi."
Acheka mpaka meno ya bandia yabisha.

Mezani pana barua ya hospitali.
Kuna kidonge kipya: hakuna kuchomwa,
hakuna kalenda yenye robo na nusu,
na sukumawiki ya bustanini ale apendavyo,
asihesabu tena majani kama mchumi wa serikali.
Mwanawe Hylke amepiga simu kutoka Rotterdam:
Mama, badilisha, huo ni ushamba.

Sikuja kubishana na Hylke.
Lakini aliniuliza, nami sikumficha:
waliopimwa wakiwa wazee na dhaifu kama yeye,
wakaiacha dawa ya zamani waliyoizoea,
walivuja damu zaidi, si kidogo.
Waliotarajia vingine walikuwa wengi, mimi mmoja wao.
Anayeanza leo, hilo ni shauri lingine.
Na daktari ni daktari; mimi ni mtu wa sindano.

Aliikunja barua mara nne,
akaitia chini ya mguu mfupi wa meza.
"Ningekimeza hicho kipya," akasema, "ungekuja?"

Nilijifanya naandika.
Jumatatu viwili. Jumanne kimoja na nusu.
Jumatano viwili.
Kalamu ikaishiwa wino Alhamisi.

Pamba imekaa kidoleni dakika ya nne.
Nimemshika mkono, ndiyo kazi,
na kazi haikatazi mtu kuona
jinsi ngozi ilivyo nyembamba, njia zote za bluu zikionekana.
Nataka kuiinua.
"Bado," asema, bila kutazama.
Mvua yahama dirisha.
"Bado."
Huyu amesubiri mabeseni elfu kumi.
Namwachia yeye.

"Sasa," asema. "Imeshika."